Viroba Vyeupe Juu ya Bikoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa Nala, pembezoni mwa Dodoma, baridi ya Juni bado inauma masikio. Mkononi nina viroba vinne vya unga, vitupu, vyeupe, vile vya kilo 25. Droni iko kwenye begi mgongoni na itakaa humo kwa muda. Kwanza natafuta mawe ya mpaka. Bikoni ikishapitiwa na msimu mmoja wa mvua na kiangazi kimoja, majani huilalia na vumbi huifunika, ukaikanyaga usijue. Mlinzi wa shamba la jirani ananionesha kwa ncha ya fimbo: "Moja iko hapo, dada. Nyingine chini ya ule mti wa miiba." Nafukua kwa vidole mpaka naona saruji na kichwa cha nondo, natandika kiroba juu yake, nakikandamiza kwa mawe kisipeperuke. Zote nne zikishapatikana ndipo narusha. Kutoka mita 70 juu, kiroba kinaonekana kama punje ya mchele iliyoanguka kwenye mkeka. Punje nne, na katikati yake kiwanja cha mtu.

Naanza na viroba kwa sababu wengi wanaoniandikia huanza na droni. Leseni inapatikanaje? Ninunue ipi? Kazi ipo? Naulizwa hivyo karibu kila wiki, hasa na vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na bado wanahangaika na ajira. Nimewajibu mmoja mmoja hadi nikaona bora niandike mara moja, kwa kirefu, pamoja na lile jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: picha ya angani, hapa Dodoma, watu huitumia kama ushahidi. Mtu atatoa kiinua mgongo chake chote kwa sababu ya picha uliyopiga wewe. Ukilijua hilo mapema, hata habari ya leseni utaiona kwa jicho jingine.

Mimi nilikuwa na studio ndogo jirani na Sabasaba. Pasipoti saizi, harusi, kipaimara, mahafali. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, uamuzi ambao ulikuwa umekaa kwenye makaratasi tangu 1973, mji ulianza kukimbia. Mwaka 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ujenzi wa makao makuu, ikavunjwa na shughuli zake zikaenda halmashauri. Mwaka 2018 tukawa jiji. Mtumba, palipokuwa vichaka vya miiba, pakaota majengo ya wizara. Watumishi wakaletwa huku, familia zikabaki Dar, na kila mmoja akaanza kuulizia kiwanja: Iyumbu, Njedengwa, Nzuguni, Ihumwa, Nala. Wengi walinunua kwa kutumiwa video ya simu. Dalali anazunguka na simu mkononi, unaona nyasi, unaona anga, unaona kidole chake kikielekea upeoni na sauti ikisema mpaka unaishia kule.

Siku moja mwalimu aliyekuja kupiga pasipoti alinionesha video ya namna hiyo, akaniambia, "Wewe ni mtu wa picha. Hebu niambie, hapa ni wapi?" Niliitazama mara tatu. Hakukuwa na barabara, hakukuwa na kilima wala nyumba ya kulinganishia. Sikuweza kumjibu, na alikuwa amekwisha lipa nusu. Swali la yule mwalimu ndilo lililonifanya nitake kupanda juu.

Nilianza kujifunza YouTube, na hapo nikapotea. Karibu wote wanaofundisha kupiga picha za nyumba kwa droni ni Wamarekani, na kwao njia ni fupi. Wana kanuni inayoitwa Part 107, iliyoanza Agosti 2016: uwe na miaka 16 au zaidi, ufanye mtihani wa maswali 60, upate asilimia 70, ada ya mtihani dola 175. Ukifaulu na ukaguzi wa usalama ukapita, unaruhusiwa kupiga nyumba za watu kwa malipo, na kila baada ya miezi 24 unarudia mafunzo mtandaoni bila kulipa. Nilizitazama video hizo usiku hadi usiku nikaamini dunia nzima iko hivyo. Ndipo likanikuta tangazo la kozi ya mtandaoni, "cheti cha kimataifa cha rubani wa droni, kinatambulika kila nchi". Nikalipa shilingi 180,000 kwa simu. Cheti kilikuja baada ya siku tatu, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, na jina langu limekosewa herufi moja.

Hakikuwa na kazi. Hata kingekuwa halali kabisa huko kilikotoka, kisingeniruhusu kurusha hapa. Anga ni mali ya nchi. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unatamka hivyo katika ibara yake ya kwanza kabisa, na ibara ya 8 inagusa hasa ndege isiyo na rubani: isiruke juu ya nchi bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Waliliona jambo hili miaka zaidi ya sabini kabla droni haijaingia kwenye begi langu. Zile 180,000 zilikuwa kodi ya studio ya mwezi mzima, na ziliniuma sana. Naziandika hapa ili mwingine asizitoe.

Kwetu Tanzania milango ni miwili. Wa kwanza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo kanuni zake za droni zilitolewa mwaka 2018. Wa pili ni Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, maana chombo kinachoruka na kupiga picha ni jambo la usalama, na ruhusa yao inahitajika. Nakuomba usinunue droni kwanza. Wapo watu ninaowafahamu ambao droni zao zililala forodhani kwa sababu waliagiza kabla ya kuomba, na ukiwauliza leo watakuambia betri za ile mashine zimekwisha vimba. Omba kwanza, nunua baadaye.

Faili langu lilikuwa nene. Barua ya maombi, kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipa kodi (TIN), cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, sifa za chombo ninachotaka pamoja na namba yake ya kiwandani niliyopewa na muuzaji, bima ya madhara kwa watu wengine, cheti cha mafunzo, na maelezo ya maeneo ninayotarajia kurusha na sababu zake. La kwako waulize TCAA wenyewe kabla hujaanza kukusanya, kwa kuwa taratibu na ada hubadilika, na karatasi ya mwaka juzi inaweza kukurudisha nyumbani. Darasani nilikaa Dar es Salaam, nikilala kwa shangazi Tabata na kupanda daladala alfajiri. Tulifundishwa anga zilivyogawanywa, hali ya hewa, mwenendo wa betri, la kufanya mawimbi ya rimoti yakikatika, na namna ya kuzungumza na watu wa mnara wa kuongozea ndege bila kupayuka. Mengi nilishayasikia kwa Wamarekani wangu wa YouTube. Hewa haibadiliki kwa kuvuka bahari, wala kanuni ya kutoiacha droni ipotee machoni. Kwa hiyo usiku wangu haukupotea wote.

Kisha nikasubiri miezi mitano.

Nataka kuisemea vizuri hiyo miezi mitano, maana watu wengi hukata tamaa hapo, na mimi ndiyo iliyonitengeneza. Sikuwa na droni, nilikuwa na muda. Nikawa naomba kuongozana na mpima ardhi mmoja anayefanya kazi zake upande wa magharibi ya mji. Nilimbebea vifaa, naye akanifundisha kuisoma ardhi. Alinionesha udongo mwekundu, ambao fundi huupenda, na udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono na masika huvimba na kuinua msingi wa nyumba. Alinifundisha kwamba Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwamba korongo lililokauka miezi saba linaweza kuonekana kama njia ya ng'ombe. Alinipa na onyo ambalo sijalivunja hadi leo: mipaka husemwa na mpima ardhi aliyesajiliwa. GPS ya droni ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na mita moja mpakani inatosha kuwafikisha ndugu mahakamani. Mimi naonesha bikoni zilipo, kwa viroba. Mstari mwekundu siuchori.

Kibali kilipotoka, niligundua kazi yake kubwa hata kabla sijaruka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitambulisha, kama ninavyofanya kila niendako. Mzee alivaa miwani, akaisoma karatasi mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, kisha akafungua kaunta buku lake akaandika jina langu, namba yangu ya simu, tarehe na saa. "Sasa binti," aliniambia, "wakija kuniuliza ni nani alikuwa anarusha ndege juu ya nyumba zao, ninaye wa kumtaja." Aliisema kwa upole, nami nikaipokea hivyo. Ukiwa na leseni unapatikana. Picha yako ikidanganya, wanajua wamfuate nani.

Na Dodoma si mahali pa kurusha kwa kubahatisha. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa, ndege zinapita chini juu ya mapaa, hivyo Area C, Area D na Makole zote ni anga ya kuombea ruhusa. Msalato, kaskazini mwa mji, nako kuna anga yake. Kuna Bunge, kuna gereza la Isanga, kuna kambi za jeshi, kuna Mji wa Serikali Mtumba, kuna Ikulu Chamwino. Mteja anayeniita kupiga nyumba yake nzuri Area D namwambia ukweli: kwa droni nitahitaji ruhusa ya siku hiyo na inaweza isipatikane, lakini nina mlingoti wa mita sita unaorefushwa, nafunga kamera juu yake, naiongoza kwa simu. Mita sita zinatosha kuvuka ukuta wa fensi na kuonesha nyumba nzima na bustani. Nusu ya kazi zangu za mjini nimezifanya kwa mlingoti, na hakuna mnunuzi aliyewahi kulalamika.

Jambo jingine ambalo video za Marekani hazikunifundisha ni bafu. Huku kwetu nyumba nyingi zina bafu la uani lisilo na paa, ukuta wa mabati au tofali hadi mabegani. Mtu anaoga asubuhi na mapema, saa ileile mwanga ulipo mzuri. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza mkazo, lakini hata kusingekuwa na sheria, huyo ni mama wa mtu. Kwa hiyo dakika kumi kabla ya kurusha napita nyumba za jirani nagonga hodi. Kwa wazee wa Kigogo naanza na salamu yao, "mbukwenyi", nasema nimeleta ndege ndogo ya picha, itakuwa juu robo saa, itakuwa juu ya kiwanja kile. Huwa wanaita watoto waje kutazama. Watoto wakishakusanyika upande wangu nawapa kazi ya kuhesabu kwa sauti dakika zilizobaki, hapo hakuna anayekimbilia chini ya droni.

Kuhusu upepo nina kisa, na nakieleza kama kilivyokuwa kwa sababu kilikuwa kosa langu. Agosti, Mpunguzi, shamba la zabibu lililokuwa linauzwa. Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, unalala usiku na kuamka kadiri jua linavyopanda. Nilichelewa kufika, nikarusha saa nne na nusu. Niliielekeza magharibi, upepo ukiwa mgongoni, ikateleza kama mtumbwi unaoshuka na maji. Mita 350, nikapiga picha zangu, nikageuza kurudi. Haikurudi. Propela zilikuwa zinalia, na kwenye kioo mwendo uliandikwa mita mbili kwa sekunde, kisha mita moja, kisha mbili tena. Betri asilimia 41. Nikaongeza nguvu. Thelathini na tatu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ya joto ni nyepesi zaidi, kila mzunguko wa propela unashika kidogo kuliko pwani, na betri ndiyo inayolipa. Ishirini na sita. Nikakumbuka darasani: karibu na ardhi upepo hupungua. Nikaishusha hadi mita 15, ikaanza kusogea. Nikatua nayo ikiwa na asilimia 11, mistari sita ya mizabibu kabla ya kufika nilipo. Mzee mwenye shamba aliniletea akiwa ameishika kwa viganja viwili, kama mtu anayeleta kifaranga kilichotoka bandani. "Imechoka," alisema. Tangu siku hiyo naanza kwenda kinyume na upepo ili nirudi nao, na ikishafika saa tatu na nusu kiangazi nafunga begi, hata mteja akiwa bado anataka.

Ya picha zenyewe nitayasema kwa ufupi, maana mkono hufundishwa na kurudia. Nyumba haipendezi ikitazamwa kutoka juu sana. Mita 12 hadi 20, kamera imeinamishwa kiasi, unaona paa, baraza, geti na barabara kwa pamoja. Mita 100 zinakupa paa tu. Kiwanja ndicho cha kupanda juu, mita 60 au 70, kamera ikitazama chini wima. Tupo nyuzi sita kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua linapita kaskazini na Desemba saa sita mchana liko kusini. Nyumba iliyoelekea kusini, mwezi Juni uso wake hauoni jua kutwa, na usimuahidi mwenye nyumba picha inayong'aa. Bati jeupe jipya ikifika saa nne linakula picha yote. Hapo napiga tatu za mwanga tofauti kwa mpigo mmoja, naziunganisha nyumbani.

Na kazi? Kazi ipo, ila haikai pale watu wanapoitafuta. Miezi mitatu ya kwanza niliweka picha Instagram, watu wakapenda, hakuna aliyelipa. Kazi ya kwanza ya uhakika ilitoka Ng'ong'ona, karibu na chuo, kwa mama mmoja wa Arusha anayejenga hosteli. Yeye yuko mbali, fundi yuko saiti, na kila wiki wanagombana kwa simu kuhusu tofali. Nilimwambia nitakwenda kila tarehe moja, nisimame palepale, nipande urefu uleule, saa ileile. Nililipaka rangi jiwe la kusimamia ili nisikosee. Alipoziweka picha za miezi mitatu pamoja aliweza kuhesabu kozi za ukuta, yaani safu za tofali, na kuona lundo la mchanga lilivyopungua. Ugomvi ukaisha, na fundi mwenyewe ndiye aliyenipeleka kwa mteja wa pili, kwa kuwa picha zilimtetea. Kazi za namna hiyo, shilingi 150,000 kwa mwezi kila moja, ndizo zinazolipa kodi yangu. Nyumba ya kuuza natoza 120,000, kiwanja 70,000. Wenye lodge huja kabla ya vikao vya Bunge, wakitaka picha mpya. Madalali ndio wengi kuliko wote na ndio wagumu kuliko wote, na hapo ndipo narudi Nala.

Aliyeniita siku ile alikuwa dalali. Mnunuzi, alisema, ni nesi yuko Mwanza, anamtafutia mama yake kiwanja cha kujenga nyumba ya kuzeekea. Nilipanda mita 70, nikatazama kioo cha simu, na kati ya zile punje nne za mchele niliona utepe. Ulianza kona ya kaskazini, ukajikunja, ukatokea karibu na mti wa miiba. Majani yake yalikuwa ya kijani zaidi kidogo kuliko pengine, na katikati ulikuwa na mchanga mweupe uliofuliwa na maji. Nikashusha macho kutazama ardhi yenyewe. Nilipokuwa nimesimama palionekana bonde dogo lenye nyasi, la kuvuka kwa hatua tatu bila kulifikiria. Nilikuwa nimelivuka mara mbili nikiwa na viroba.

Dalali alikuwa nyuma yangu, ameona. "Dada," aliniambia taratibu, "piga ukilalia upande wa barabara. Hiyo ya chini achana nayo, inachanganya watu."

Nilimweleza utaratibu wangu, ambao nilikuwa nimemwambia na kwenye simu: picha moja ya wima, viroba vyote vinne vikionekana, bila kukatwa wala kurekebishwa, inakwenda pamoja na nyingine zote. Ama zinakwenda zote ama haziendi. Alisema kazi ni yake, fedha ni zake, na mimi nimekuja kupiga picha, sikuja kukagua. Sikuwa na jibu zuri. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwani ana watoto wanaosoma kwa asilimia anayopata. Nilimwambia basi asilipe. Akaondoka na bodaboda. Nikakusanya viroba vitatu, nikiwa na hasira na jicho limejaa, cha nne nikakisahau kule chini ya mti wa miiba.

Namba yake nesi sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani na zile picha nikakaa nazo wiki mbili. Niliwaza kumfuata mwenyekiti wa mtaa, nikawaza kuandika mtandaoni, vyote nikaona ni kumwanika mtu ambaye labda angebadili nia. Bado sijui kama nilifanya sawa kukaa kimya zile wiki mbili.

Viroba vyangu nimeviandika namba ya simu kwa kalamu nene, ili vikipeperuka virudi. Mama wa yule nesi, mtu wa Kondoa, alikuja mwenyewe kwa basi kukiona kiwanja, akazungushwa na mlinzi yuleyule mwenye fimbo. Alipoona kiroba kimelala juu ya bikoni akauliza ni cha nani. Jioni simu yangu ikaita, namba ya Mwanza.

"Dada, samahani, mama amekuta kiroba chenye namba yako kwenye kiwanja. Kwani wewe ulikuwa unafanya nini pale?"

Nilimweleza, nikamtumia picha zote, ile ya wima ikiwa ya kwanza. Alikaa kimya muda. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: maji yanapita upande gani, na upande gani unabaki mkavu? Nikamwambia hilo picha ya Juni haiwezi kusema, amtafute mpima ardhi, na kama anaweza kusubiri, nitapanda tena mvua zikiwa zimekolea. Alisubiri. Nadhani na bei ilisubiri, maana baadaye alinidokeza kwamba ilishuka.

Nilirudi Machi, siku iliyofuata mvua ya usiku kucha. Matope yalinivua kiatu kimoja. Mama alikuwa amekwisha fika, amesimama upande wa juu, kanga imefungwa kiunoni, mwavuli mkononi ingawa mvua ilikuwa imekatika. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanisaidia kutandika viroba vyote vinne. Nikarusha. Utepe ulikuwa sasa mto, wa rangi ya chai ya maziwa, umejaa kingo hadi kingo, na ulikuwa umechukua theluthi moja ya kiwanja. Upande aliosimama mama ulikuwa mwekundu na mkavu, maji yametuama kwenye nyayo zake tu.

Nilimwonesha kwenye simu. Aliishika karibu na macho, akajitafuta, akajiona: mwavuli mweusi, mdogo kuliko kiroba. Akaweka kidole kwenye kioo, juu kidogo ya ule mwavuli, akasema jiko ataliweka hapo, lielekee mashariki, na huku chini atapanda mapera.

Kisha akaniuliza kama ninaweza kuipandisha tena, maana mara ya kwanza hakuwa ameangalia juu.